Je, Mgonjwa Haulizwi Uji? Historia ya Kuaminiana katika Utafiti wa Afya, kutoka Jinja hadi Mbale



Waswahili husema, "Mgonjwa haulizwi uji." Methali hii umeisoma darasani, na huenda uliitungia sentensi katika mtihani. Maana yake ni kwamba mtu mwenye shida ya wazi hapaswi kuulizwa kama anataka msaada, apewe tu. Ni methali ya huruma, nami naipenda. Lakini leo nakuomba uitazame upya. Je, ni kweli kwamba mgonjwa haulizwi? Akipewa kitu asichokijua, na watu asiowajua, kwa lugha asiyoielewa, je, huo bado ni uji?

Nianze na kisa cha nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliishi katika kijiji kimoja cha Busoga, si mbali na ziwa. Siku moja, nikiwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, walifika vijana wawili waliovaa makoti meupe. Walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba wakikusanya damu ya kidole kwa ajili ya utafiti. Walikuwa na karatasi ndefu ya Kiingereza na kidau cha wino wa dole gumba. Mmoja wao, alipoona kwamba bibi hamwelewi, alijaribu Kiswahili. Bibi akaurudisha mkono wake nyuma. Mimi nikaitwa nitafsiri kwa Kisoga, nikafanya hivyo kwa shida, kwa sababu hata mimi sikuielewa vizuri ile karatasi. Baada ya kusikiliza, bibi aliuliza maswali mawili tu: "Damu hii inakwenda wapi? Nanyi mtarudi lini kuniambia mlichokiona?" Vijana waliahidi kwamba watarudi. Bibi akatoa kidole, akaweka alama yake. Hawakurudi. Kila nilipokwenda kumtembelea, kwa miaka kadhaa, aliniuliza, "Wale watu wako wa damu, walisemaje?"

Wakati ule nilidhani ni usumbufu wa mzee. Baadaye niliposoma historia ya Busoga nilitambua kwamba swali lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye.

Turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Jinja ilikuwa makao ya utawala wa Kiingereza katika Busoga. Mwaka 1901, daktari mmisionari Albert Cook na ndugu yake Jack, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya Mengo, walianza kupokea wagonjwa waliokuwa wakisinzia mchana, wakikonda, wakichanganyikiwa, na hatimaye kufa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongoota, yaani usinziaji. Kwa Kiswahili tunauita malale. Pwani ya kaskazini ya Ziwa Viktoria na visiwa vyake viliathirika vibaya mno, na Busoga ya kusini ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Makadirio ya kawaida ya wanahistoria ni kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika eneo hilo la ziwa ndani ya miongo miwili ya kwanza ya karne. Vijiji vizima vilitoweka, na migomba ikabaki bila wa kuipalilia.

Serikali ya Uingereza iliomba msaada wa wataalamu, na mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya London ikatuma tume ya kwanza: George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Mwaka 1903 alifika David Bruce, na kundi lake likathibitisha kwamba vimelea hivyo huenezwa na mbung'o. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa, wala sina nia ya kuupunguza. Lakini angalia namna ulivyopatikana. Bruce aliomba nzi wakusanywe kutoka kila upande wa nchi ili alinganishe ramani ya nzi na ramani ya ugonjwa. Waliowakusanya walikuwa wenyeji, kwa agizo la machifu wao. Jina la mbung'o, kivu, walikuwa nalo tayari. Maji ya uti wa mgongo yalitoka katika migongo ya wenyeji. Utafiti ulifanyika kwa miili yao, kwa miguu yao na kwa macho yao. Hata hivyo, vitabu vinapotaja wagunduzi, wakusanyaji wale hawana majina.

Kisha ikaja tiba. Mwaka 1906 na 1907, mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alipiga kambi katika Visiwa vya Ssese, magharibi mwa ziwa hilohilo. Alijaribu dawa iliyoitwa atoksili, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, na watu wakamiminika kambini kwa matumaini. Nafuu hiyo haikudumu, kwa hiyo Koch akaongeza kipimo. Watu walipata maumivu makali, wengine wakatoroka, na wagonjwa wapatao 20 wakapofuka macho, wasione tena. Wagonjwa wale walikuwa wameomba uji. Hakuna aliyewaeleza kwamba kilichokuwa ndani ya bakuli kilikuwa bado kinajaribiwa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyogusa kila nyumba. Gavana Hesketh Bell, aliyefika Uganda mwaka 1906, aliamua kwamba kwa kuwa mbung'o huishi karibu na maji, watu waondolewe karibu na maji. Watu waliokaa katika ukanda wa maili mbili kutoka ziwani waliamriwa kuhama, kwanza katika Buganda, kisha Busoga, na kufikia mwaka 1909 visiwa navyo vilikuwa vikihamishwa. Nataka uwe mwadilifu katika kuhukumu jambo hili. Kuhama kulipunguza watu kuumwa na mbung'o, na vifo vilipungua. Bell hakuwa akitania. Alikuwa akitazama watu wakifa kwa maelfu. Lakini kwa Msoga wa pwani, ziwa lilikuwa samaki, mitumbwi, biashara, makaburi ya wazazi na mahali pa kutambikia. Aliondolewa katika vyote hivyo bila kuulizwa. Na mashamba yaliyoachwa yaligeuka vichaka, makazi mazuri kwa mbung'o. Malale yalirudi Busoga katika miaka ya 1940, na tena kwa nguvu kuanzia mwaka 1976.

Baba yake bibi yangu alikuwa mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni wakati familia ilipohamishwa kutoka pwani. Sasa unaelewa kwa nini bibi, alipowaona wageni wenye makoti meupe, alitaka kujua damu inakwenda wapi. Katika ukoo wake, watu wa afya walipofika walichukua damu, kisha ardhi.

Na kwa nini aliurudisha mkono aliposikia Kiswahili? Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kusema ukweli unaomuuma. Katika sehemu kubwa ya Uganda, lugha hii ilifika masikioni mwa wananchi kupitia askari. Ilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, kisha ya jeshi na polisi baada ya uhuru. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wakati ambapo watu wengi waliisikia penye vizuizi vya barabarani na usiku mlango ulipogongwa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili, na leo ninyi mnakisoma kwa hiari na kwa furaha. Lakini mzee wa Busoga anaweza kukisikia kwa sikio jingine. Lugha uliyojifunza kwa upendo inaweza kumtisha mgonjwa wako. Kabla ya kusema naye, uliza kwanza: "Ungependa tuzungumze lugha gani?"

Tuache Jinja sasa tuelekee mashariki, hadi Mbale chini ya Mlima Elgon, mji ninamofundisha. Kati ya enzi ya Koch na enzi yetu, dunia ilikuwa imejifunza kwa uchungu. Baada ya majaribio ya kikatili ya madaktari wa Kinazi, Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilitamka kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likaweka maadili ya madaktari watafiti. Hata hivyo, huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende waliendelea kufuatiliwa bila kutibiwa tangu mwaka 1932 hadi 1972. Hapa Uganda, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lilianzishwa mwaka 1990, na leo kila utafiti unaohusu binadamu hupaswa kupitiwa na kamati ya maadili kabla haujaanza.

Ndipo tunafika kwenye utafiti uliopewa jina la FEAST. Ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: Mbale, Soroti, Mulago na Lacor hapa Uganda, Kilifi nchini Kenya, na Teule iliyoko Muheza, Tanzania. Swali lilikuwa hili: mtoto anapoletwa akiwa na homa kali na damu yake haizunguki vizuri, je, apewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa? Katika nchi tajiri hiyo ilikuwa tiba ya kawaida, na wengi waliamini kwamba ingewaokoa watoto wa Afrika pia. Hakuna aliyekuwa ameipima kwa uhakika katika hospitali zisizo na wodi ya wagonjwa mahututi.

Watoto 3,141 waliingizwa katika kundi kuu la utafiti. Wote walipata matibabu ya kawaida, kama vile dawa za malaria na za bakteria. Wengine wakaongezewa maji ya haraka, wengine hawakuongezewa. Mwezi Januari mwaka 2011, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri kazi isimamishwe, kwa sababu matokeo yalikuwa kinyume na matarajio. Katika saa 48 za kwanza, walikufa asilimia 7.3 ya watoto ambao hawakupewa maji ya haraka. Miongoni mwa waliopewa, walikufa asilimia 10.5 au 10.6, kulingana na aina ya maji. Yaani katika kila watoto 100 waliopewa tiba iliyoaminiwa, watatu zaidi walipoteza maisha.

Soma tena sentensi hiyo taratibu. Kila mtoto aliyehesabiwa hapo alikuwa na mama au mlezi aliyekaa kando ya kitanda. Nao walikuwa wameulizwaje? Hapa ndipo methali yetu inapojaribiwa kwelikweli. Mtoto anapozimia, hakuna saa moja ya kusoma karatasi. Kwa hiyo kamati za maadili ziliruhusu utaratibu wa pekee: mzazi alielezwa kwa maneno machache, akaweza kukubali au kukataa, maelezo kamili na sahihi vilifuata baadaye, hali ya mtoto ilipotulia. Ikiwa mtoto alifariki kabla ya hapo, ridhaa ya maandishi haikuombwa, ili mzazi asiongezewe uzito juu ya msiba.

Je, utaratibu huo ulikuwa sahihi? Watu wenye nia njema wametofautiana. Wapo wanaosema kwamba mzazi aliyefiwa ana haki ya kujua mtoto wake alikuwa ndani ya utafiti. Wapo wanaosema kumpa fomu wakati ule ni ukatili. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, na nakuachia nawe uamue. Ila tazama tofauti kati ya mwaka 1907 na mwaka 2011. Safari hii palikuwa na kamati yenye uwezo wa kusema "basi". Safari hii madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa viongozi na waandishi wa utafiti wenyewe, wala hawakuwa wakusanya nzi. Na matokeo machungu hayakufichwa. Yalichapishwa mwaka huohuo ili dunia nzima iyasome. Bila utafiti huo, tiba ile ingeweza kuendelea kuenezwa kwa nia njema, nayo ikaendelea kuua. Watafiti kutouliza swali kunaweza pia kuwa dhuluma.

Lakini kuaminiana hakuishii kwenye kuchapisha. Jarida la kitabibu la Marekani halifiki Bududa wala Sironko. Swali la bibi yangu linabaki palepale: mtarudi lini kuniambia mlichokiona?

Nchini Aotearoa, yaani New Zealand, muuguzi wa Kimaori aliyeitwa Irihapeti Ramsden alianzisha wazo linaloitwa usalama wa kiutamaduni katika miaka ya 1980. Kiini chake ni rahisi na kigumu kwa pamoja: anayeamua kama huduma ni salama ni yule anayehudumiwa. Muuguzi hawezi kujipa alama mwenyewe. Anapaswa kwanza kujichunguza: mimi nimebeba mamlaka gani, historia gani, dharau gani ninapoingia chumbani mwa mgonjwa? Huko Afrika Kusini, Wasan walitangaza mwaka 2017 kanuni zao wenyewe kwa watafiti, wakidai heshima, uaminifu, haki na kujaliwa. Hawakungoja kuandikiwa.

Mbale ina mfano wake, nao ni imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu inayofanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kufunguliwa rasmi pale Mutoto. Ukimwi ulipoingia, kisu kimoja kilichopita kutoka kwa kijana mmoja hadi mwingine kiligeuka hatari. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuidharau mila na kuamuru vijana wote waende hospitali. Ya pili ni kuketi na wazee na watahiri, kukubaliana kuhusu kisu kimoja kwa kila kijana, usafi wa vifaa na matunzo ya kidonda, na kumwachia kijana anayetaka kwenda hospitali afanye hivyo. Njia ya pili ni ndefu, lakini ndiyo inayofika, kwa sababu mtahiri akishirikishwa huwa mlinzi wa afya, na akidharauliwa hujificha.

Na juu ya mlima huohuo wanaishi Wabenet, watu wa misituni waliohamishwa kwa ajili ya hifadhi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wakazi wa asili wa kihistoria wa eneo lao, ingawa shida zao za ardhi hazikwisha. Mhudumu wa afya anayepanda kwao anapanda na gari la serikali ileile iliyowahamisha. Hilo si kosa lake, lakini ni mzigo wake. Asipoutambua, atashangaa kwa nini watu wanafunga milango.

Sasa tufanye kazi ya lugha kidogo. Kitenzi amini kimezaa maneno mengi: imani, mwaminifu, uaminifu, aminika. Amana, kitu unachomkabidhi mtu akutunzie, ni ya ukoo huohuo wa Kiarabu. Damu iliyotolewa kwa utafiti ni amana. Haikugeuka mali ya mchukuaji. Sasa ongeza kiambishi -an- cha kutendana upate aminiana. Mara nyingi nasikia watu wakilalamika, "Wanavijiji hawaamini hospitali." Ni sentensi sahihi kisarufi, lakini imeweka mzigo wote upande mmoja. Kauli ya kutendana hudai watu wawili. Hospitali nayo imemwamini mwanakijiji? Imemwamini kiasi cha kumweleza hatari, kumsikiliza, na kumrudishia majibu?

Wewe unayejifunza lugha hii huenda kesho ukawa muuguzi, mkalimani, mtafiti, au mjukuu aliyeitwa kutafsiri kama nilivyoitwa mimi. Ukiwa raia, jua kwamba Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa Uganda unakupa haki ya kuelezwa na kuridhia kabla ya kushirikishwa katika utafiti. Una haki ya kuuliza: Nani anafanya utafiti huu, na kamati ipi imeuidhinisha? Mnachukua nini, na kitahifadhiwa wapi? Kuna hatari gani? Nikikataa, au nikijitoa baadaye, nitaendelea kutibiwa? Nibaki na nakala ya karatasi hii? Na swali la bibi: mtarudi lini?

Bibi yangu ametangulia mbele ya haki. Hakupata jibu. Huenda damu yake ilisaidia kuokoa mtoto mahali fulani. Angefurahi sana kuambiwa hivyo, maana hakuwa mchoyo. Alichotaka ni kuhesabiwa kuwa mtu mwenye haki ya kujua. Kwa hiyo methali yetu tuiweke hivi, bila kuivunja: mgonjwa apewe uji upesi, lakini aambiwe ni uji gani, na aliyeupika asiondoke bila kurudi kuuliza kama ulimfaa.

Maswali ya kutafakari na kuandika

1. Eleza tofauti kati ya ridhaa na amri kwa kutumia mifano miwili kutoka insha hii.
2. Tunga sentensi tano zenye kauli ya kutendana zinazohusu mgonjwa na mhudumu wake.
3. Mhoji mzee mmoja wa familia yako kuhusu ugonjwa au chanjo anayoikumbuka. Andika aya mbili za Kiswahili, kisha rudi umsomee ulichoandika. Usisahau kurudi.